Aibu ya Naamani na siri yetu wanaume

 

Leo naomba nizungumze zaidi na akina baba, hasa ninyi mliovuka miaka 50. Akina mama msigeuze ukurasa, maana mtaona mbele kwamba bila ninyi wengi wetu tusingepona. Jambo lenyewe ni la aibu kulitaja siku ya ibada, lakini nimeiona aibu hiyo ikimzika rafiki yangu, na mimi mwenyewe nilibakiza hatua chache. Nazungumzia tezi dume.

Ukifika kanisani leo, tazama mabenchi ya karibu na mlango. Si kila anayekaa pale amechelewa. Wapo wazee wanaowahi kabisa, kengele ya kwanza haijalia, wakachagua benchi la mwisho kwa makusudi. Wanajua kwamba mahubiri hayataisha kabla hawajatoka nje mara mbili.

Katika usharika wetu huku Mbagala alikuwapo mzee mmoja wa namna hiyo. Aliimba besi kwenye kwaya kwa miaka mingi. Siku moja akaacha. Watu wakasema amegombana na mwalimu wa kwaya kwa sababu ya sare, naye hakukanusha. Akahamia benchi la mlangoni. Mwaka uliofuata nami nikamfuata, nikidai kwamba pale kuna hewa nzuri. Tukakaa hapo karibu miaka mitatu. Akitoka yeye, navuta miguu apite. Nikitoka mimi, anavuta yake. Tulizungumza Simba na Yanga, bei ya mchele, ada za wajukuu. Hilo moja hatukuwahi kuulizana.

Baadaye watoto wake wakamchukua akaishi nao Bunju, upande wa pili wa jiji. Tukasikia amelazwa, na wiki chache baadaye tukasikia amefariki. Usharika ukakodi Coaster tukaenda kumzika. Katika wasifu wa marehemu ilisomwa kwamba alisumbuliwa na figo. Tulipokaa kula, mjane wake akatuambia sisi wazee wenzake kwa sauti ya chini kwamba figo hazikuanza zenyewe. Kwa miaka mingi mkojo wake ulikuwa hautoki vizuri, "na mwenzenu hakutaka mtu ajue." Alipokubali kwenda hospitali, figo zote mbili zilikuwa zimekwisha kuharibika.

Niliyasikia maneno yale huku nimebana mkojo.

Foleni ya Barabara ya Mandela

Kutoka Bunju hadi Mbagala ni kuvuka jiji zima. Tulipita Tegeta, Mwenge na Ubungo, tukaingia Barabara ya Mandela, na hapo foleni ikatushika. Ndani ya gari walikuwamo akina mama wa usharika, vijana wa kwaya na mchungaji. Ningeweza kumwomba dereva asimame. Sikusema. Mzee wa kanisa mzima, nitangaze mbele ya watoto kwamba nimezidiwa na haja ndogo? Nikabana mpaka nyumbani.

Nilipofika nikaenda moja kwa moja chooni. Nikasimama, hakikutoka kitu. Nikarudi ndani, nikatoka tena, hakikutoka kitu. Ikawa saa tatu usiku, ikawa saa tano, ikawa saa saba. Tumbo la chini likakaza kama ngoma, jasho linanitoka. Hapo mke wangu akanifuata uani akasema: "Baba, mimi nimekuwa nikihesabu. Unatoka mara tano, mara sita kila usiku. Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe." Choo chetu kiko nje. Nikakumbuka kwamba kwa miezi mingi nimekuwa nikikuta tochi na kandambili zimewekwa tayari kando ya mlango, na sikuwahi kujiuliza nani anaziweka.

Akamwamsha jirani mwenye bajaji. Hospitalini tulipokelewa na nesi kijana, umri wa binti yangu wa mwisho. Aliponieleza anachotaka kufanya, nikamwuliza kama hakuna nesi wa kiume. Akanijibu kwa upole: "Baba, hapa mimi ni nesi na wewe ni mgonjwa. Hayo mengine tuyaache nje." Akapitisha mpira mwembamba katika njia ya mkojo, na mfuko ukaanza kujaa. Ilitoka zaidi ya lita moja. Nililia, wala si kwa maumivu.

Naamani na wale wadogo

Siku zile nikiwa kitandani nilisoma upya habari za Naamani, katika Wafalme wa Pili sura ya 5. Naisoma tangu shule ya Jumapili, lakini mara hii niliisoma kama mgonjwa.

Naamani alikuwa jemadari wa jeshi la Shamu, mtu mkuu mbele ya mfalme wake. Chini ya silaha zake alikuwa na ukoma. Sasa angalia ni akina nani waliomfikisha kwenye uponyaji. Wa kwanza ni msichana mdogo, mateka, aliyekuwa akimtumikia mke wa Naamani. Huyo ndiye aliyesema kwamba Samaria yuko nabii. Alimwambia nani? Alimwambia mke wa Naamani. Mwishoni, Naamani alipokasirika na kutaka kurudi zake, watumishi wake ndio waliomsihi. Msichana, mke, watumishi. Wote walikuwa chini yake kwa cheo, na wote walikuwa wameona alichokuwa nacho.

Kilichomkasirisha ni nini? Alikuja na barua ya mfalme, fedha, dhahabu na farasi, akitarajia kuponywa kwa heshima. Akaambiwa akaoge mara saba katika Yordani. Akasema kwao Dameski kuna mito mizuri zaidi. Mimi naona ndani ya hasira ile kulikuwa na kitu kingine. Mtu haogi na silaha zake. Ili aingie mtoni ilibidi avue, na wale wanaompigia saluti waone kile alichokificha. Nusura arudi nyumbani na ukoma wake kwa ajili ya kulinda heshima.

Ndugu yangu, hapo ndipo wengi wetu tulipo. Mungu amekwisha kutuonyesha mto. Tumesimama ukingoni tumevaa suti.

Tezi yenyewe ni kitu gani

Tezi dume si jina la ugonjwa, ingawa mitaani tunalitumia hivyo. Ni kiungo ambacho kila mwanaume amezaliwa nacho. Iko chini ya kibofu cha mkojo, imeizunguka njia ya mkojo, na kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Kwa kijana ni ndogo kama ndimu changa. Umri unaposogea, tezi hukua. Wataalamu wanakadiria kwamba karibu nusu ya wanaume wanaofikisha miaka 60 tezi zao zimekwisha kuanza kukua, na wakifika 85 ni karibu tisa kati ya kumi. Kwa hiyo ukiona wazee kumi wameketi mstari mmoja kanisani, usidhani tatizo hili ni la mmoja tu.

Kwa kuwa tezi imeizunguka njia ya mkojo, inapokua huibana, kama mtu anavyokanyaga mpira wa kumwagilia bustani. Ndiyo maana mkojo unachelewa kuanza, unatoka kwa nguvu ndogo, unakatikakatika, unaacha matone kwenye nguo. Kibofu hakiishi, hivyo baada ya nusu saa unahisi haja tena. Usiku unaamka mara kwa mara. Ukiachwa hivyo miaka, mkojo unaobaki huleta maambukizi na mawe kwenye kibofu, na presha yake hupanda hadi kwenye figo. Hiyo ndiyo njia aliyopita rafiki yangu.

Yapo mambo matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza, kukua huku kwa tezi si saratani, na hakugeuki kuwa saratani. Lakini saratani ya tezi dume nayo ipo, ni miongoni mwa saratani zinazowapata zaidi wanaume wa Tanzania, na mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Anayeweza kutofautisha ni daktari, kwa vipimo. La pili, si ngiri, ingawa wengi wetu hujitibu ngiri kwa miaka. La tatu, si adhabu ya dhambi za ujana wala si ugonjwa wa kuambukizwa. Ni umri na homoni za kiume. Ndugu, usitubu mvi, na usitubu tezi iliyokua.

Waliosema na walioficha

Tarehe 8 Novemba, 2014, Rais wa nchi yetu wakati huo, Jakaya Kikwete, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume katika Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani. Ikulu ilitoa taarifa. Aliporejea nyumbani mwishoni mwa mwezi ule, aliwaeleza wananchi kwa kinywa chake kwamba ilikuwa saratani ya tezi dume iliyogunduliwa mapema, akawahimiza watu wapime. Fikiri, msomaji. Amiri Jeshi Mkuu akaeleza mbele ya taifa zima jambo ambalo mimi nilishindwa kumweleza mke wangu chumbani. Nakumbuka tulivyolizungumza gengeni siku zile. Tulitikisa vichwa, tukasema ni mtu jasiri, kisha kila mmoja akarudi kwake na siri yake.

Na ile barabara niliyobania mkojo imepewa jina la mtu aliyepasuliwa kwa tatizo kama langu. Mwaka 1985 Nelson Mandela, akiwa mfungwa wa Pollsmoor mwenye umri wa miaka 67, alitolewa gerezani akapelekwa Hospitali ya Volks mjini Cape Town, akafanyiwa upasuaji wa tezi dume iliyokua. Akiwa wodini, Waziri wa Sheria wa serikali iliyomfunga, Kobie Coetsee, alikwenda kumjulia hali. Aliporudishwa gerezani alitengwa na wenzake, na katika upweke ule akaanzisha mazungumzo na serikali. Tarehe 11 Februari, 1990 akatoka huru. Alifariki Desemba 2013 akiwa na miaka 95, yaani miaka 28 baada ya upasuaji ule. Hapo katikati, mwaka 2001, aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume akatibiwa kwa mionzi. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani wakishapasuliwa tezi iliyokua hawahitaji tena kupima. Katika upasuaji wa namna hii sehemu ya tezi hubaki, na kupima lazima kuendelee.

Sasa linganisha watu wawili wengine, mwezi mmoja. Januari 2024 dunia ilifahamu kwamba Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Lloyd Austin, alikuwa amepasuliwa saratani ya tezi dume tangu tarehe 22 Desemba, akapata maambukizi, akarudishwa hospitali siku ya Mwaka Mpya, na hata Rais wake hakuwa na habari kwa siku kadhaa. Baadaye aliomba radhi hadharani. Januari hiyohiyo, Mfalme Charles wa Uingereza alitangaza mapema kwamba anakwenda hospitali kutibiwa tezi iliyokua, na wanaume wengi nchini mwake wakaanza kutafuta habari za tezi zao. Mmoja alificha ugonjwa ukageuka habari ya dunia nzima. Mwingine alisema, na kusema kwake kukawasaidia watu asiowajua.

Maombi na kisu

Nilipowaambia ndugu zangu kwamba nimeandikiwa upasuaji, wa kwanza akaniuliza kama imani yangu imepungua. Wa pili akanipa namba ya muuza mitishamba. Ukisimama Mbagala Rangi Tatu asubuhi yoyote utasikia kipaza sauti kikitangaza dawa moja inayotibu tezi dume, bawasiri, ngiri na nguvu za kiume kwa pamoja. Chupa mbili za dawa kama hiyo nilikwisha kunywa kwa siri kabla ya usiku ule.

Lakini Biblia haijaweka ugomvi kati ya maombi na tiba. Mfalme Hezekia aliugua karibu na kufa. Akageukia ukutani, akaomba, akalia. Mungu akasikia, akamwongezea miaka 15. Na katika habari hiyohiyo, Isaya akaagiza uletwe mkate wa tini, ukawekwa juu ya jipu (2 Wafalme 20). Mungu aliyesikia maombi ndiye aliyeruhusu dawa. Luka aliyetuandikia Injili alikuwa tabibu, na Paulo anamtaja hivyo kwa upendo (Wakolosai 4:14).

Kama unaona aibu kwa sababu ya mahali penyewe pa ugonjwa, mkumbuke Ibrahimu. Baba wa imani alikuwa na miaka 99 alipotahiriwa, pamoja na wanaume wote wa nyumbani mwake (Mwanzo 17). Mzee wa miaka 99 alikubali kisu mahali pale, na watu wa nyumbani mwake wote wakajua. Hakupungukiwa heshima. Mwaka uliofuata akampata Isaka.

Mambo yalivyokwenda

Nikueleze yaliyonipata, ili yasikutishe usiyoyajua. Daktari aliniuliza maswali mengi kuhusu mkojo. Akapima kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Hicho ndicho kipimo kinachotukimbiza wanaume, na kwangu kilikwisha kabla sijamaliza Baba Yetu moyoni. Nikatolewa damu kwa kipimo kiitwacho PSA na kwa kuangalia figo, kisha nikapigwa altrasaundi. Ujue kwamba PSA ikipanda haimaanishi lazima ni saratani. Tezi iliyokua tu au yenye maambukizi huipandisha pia. Daktari akiwa na shaka huchukua kinyama kidogo cha tezi kikapimwe.

Si kila mtu hufikia kisu. Wengine hupunguza vinywaji jioni na kufuatiliwa. Wengine hupewa vidonge vya kulegeza njia ya mkojo au vya kupunguza tezi, wakakaa navyo miaka. Kisu huja pale dawa zinaposhindwa, mkojo unapoziba, au figo zinapoanza kudhurika. Mimi nilikuwa nimechelewa. Nikakaa na mpira na mfuko wake kwa wiki kadhaa nikisubiri zamu na fedha, mfuko nimeufunga pajani chini ya suruali pana. Wapo wazee katika mitaa yetu, Tandika, Mwananyamala, Kawe, Chamazi, wanaokaa hivyo miezi na miezi, wameacha hata kwenda kanisani. Pengine mmoja ni mjumba wako.

Siku ya upasuaji nilichomwa ganzi mgongoni. Miguu ikafa, lakini nilikuwa macho na nilisikia madaktari wakizungumza. Walipitia njia ya mkojo, bila kunichana tumbo, wakaikwangua tezi kutoka ndani. Kwa tezi kubwa sana, au mahali pasipo na vifaa hivyo, hupasua chini ya kitovu, na kupona huchukua muda zaidi. Nilirudishwa wodini na mpira mwingine, maji yakiingia na kutoka kuosha kibofu. Mkojo ulikuwa mwekundu kama juisi ya rozela, ukafifia siku hadi siku, ukawa mweupe. Mpira ulipotolewa, nilikwenda chooni mwenyewe, nikasimama, na mkojo ukatoka. Katika miaka yangu yote ya kuomba sikuwahi kumshukuru Mungu kwa kitu hicho.

Sitakudanganya kwamba hakuna gharama mwilini. Kutokwa damu na maambukizi hutokea. Kwa wiki kadhaa unaweza kuvuja kidogo, na hutakiwi kunyanyua vitu vizito. Na lile swali mnaloliogopa nalo nilijibu: wengi hubaki na nguvu zao, ila baada ya upasuaji huu mara nyingi mbegu hurudi kwenye kibofu badala ya kutoka nje, na uwezo wa kuzaa hupungua. Nenda na mkeo, mkamuulize daktari pamoja. Mimi nilikwenda na wangu, na maswali mazuri yote aliuliza yeye.

Kuhusu fedha, usikate tamaa kabla hujauliza. Kama una bima, uliza inalipia nini. Kama umefika miaka 60 na huna uwezo, uliza dirisha la wazee, na umwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, kwa sababu upo utaratibu wa serikali wa msamaha kwa wazee wasiojiweza. Hospitali za rufaa za Mwananyamala, Temeke na Amana ziko ndani ya jiji letu, na panapohitajika mgonjwa huandikiwa kwenda Muhimbili.

Na usisubiri usiku kama wangu. Mkojo ukigoma kabisa, ukiona damu, au ukipata homa na maumivu ya mgongo, hiyo ni dharura. Nenda usiku huohuo.

Watu wanne na mkeka

Miezi miwili baada ya kupona, mchungaji aliniruhusu kuzungumza kwenye ushirika wa wanaume wa usharika wetu. Nilizungumza dakika kumi. Hakuna aliyeuliza swali. Lakini tulipotoka, mmoja alinifuata nyuma ya kanisa. Mwingine alinipigia simu usiku. Wa tatu alitembea nami mpaka kituoni akizungumzia mvua, daladala ilipokuja ndipo akasema. Wote watatu walikwenda kupima. Mmoja anatumia vidonge. Mmoja anasubiri upasuaji. Mmoja alikutwa na saratani mapema, na sasa anatibiwa Ocean Road.

Kabla ya hapo vijana wa kwaya walikuwa wamenichangia damu, wale wale niliowaonea aibu ndani ya Coaster. Fungu la diakonia lilisaidia sehemu ya gharama. Nikamkumbuka yule mwenye kupooza wa Kapernaumu, aliyebebwa na watu wanne wakatoboa dari (Marko 2). Lakini watu wanne hawawezi kukubeba kama hawajui kwamba umelala. Nawaomba wachungaji na wazee wa makanisa: kama tunaweza kuwa na semina ya ndoa na semina ya ujasiriamali, tuwe na Jumamosi moja kwa mwaka ya kumwalika daktari azungumze na wanaume. Na tuwe na watu wa kumsindikiza mzee kliniki, maana wengi hurudia getini.

Mke unayesoma hapa, kama umekuwa ukihesabu usiku, usisubiri kama wangu alivyosubiri. Mwambie leo, kwa upole, mkiwa wawili. Binti, mwambie baba yako. Naamani aliponywa kwa sababu msichana mdogo hakunyamaza.

Mimi siku hizi ningeweza kurudi benchi la mbele. Sijarudi. Naendelea kukaa pale mlangoni, pembeni ya nafasi ya rafiki yangu, na mzee akitoka mara ya pili kabla ya mahubiri kwisha, ninamfuata nje. Namsubiri amalize. Kisha namwuliza lile swali ambalo mimi na mwenzangu hatukuulizana kwa miaka mitatu.

Na wewe leo umeulizwa. Kesho ni Jumatatu, kliniki zinafunguliwa asubuhi.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe hukuona aibu kuuvaa mwili wetu. Utupe sisi wanaume unyenyekevu wa kusema tunapoumwa. Uibariki mikono ya madaktari na wauguzi, uwafariji wajane wa ndugu zetu waliotangulia wakiwa na siri zao, na uwafungulie njia wazee wanaosubiri matibabu bila fedha. Amina.